C ya Mjomba

Barua ya kwanza niliyopewa kuisoma maishani mwangu niliisoma vibaya, na kosa lile lilimchelewesha mama yangu karibu miezi mitano kumlilia mama yake.

Ilikuwa mwaka 1989, hapahapa Mitwero, nikiwa darasa la tatu. Kwa msiojua, Mitwero ni kijiji cha pwani, kaskazini kidogo ya mji wa Lindi, ukishika barabara ya kwenda Kilwa. Minazi, mikorosho, mkonge, na bahari. Baba alikuja huku kukata mkonge, akamkuta mama, wakaoana, wakabaki. Baba hakujua kusoma. Mama alijua, ila macho yake yalikuwa na ukungu tangu utotoni. Herufi za kalamu alikuwa haoni. Barua za mjomba kutoka Msumbiji alikuwa akitusomea fundi cherehani mmoja, mzee aliyewahi kukaa ng'ambo ya Ruvuma. Mwaka huo fundi akahamia Mtwara. Barua ikaja, baba akaniita: "Wewe si unasoma shule? Haya, soma."

Nikaketi mkekani, nikaifungua. Juu kulikuwa na tarehe na mstari mmoja wa Kireno, sikuugusa. Chini yake maneno yakaanza kufanana na Kiswahili, lakini Kiswahili kilichovaa nguo za mtu mwingine. *Xicamoo dada. Ninacucumbuca sana. Uatoto uote uazima.* Nikasoma kama mwalimu alivyotufundisha, kila herufi na sauti yake. Ile x hatukuwahi kufundishwa, nikairuka. C nikaitamka kama ilivyo kwenye "cha". Kwa hiyo mjomba, mtu mzima na mwalimu, akasikika akisema "ninachuchumbucha sana." Baba akacheka mpaka akashika mbavu. Mama naye akacheka. Nami nikapata kichwa, nikaona kazi hii naiweza. Pale nisipoelewa nitakisia tu.

Nikafika kwenye sehemu ya baba. Mjomba alikuwa na desturi ya kumwandikia kila mtu fungu lake, na fungu la shemeji yake lilikuwa la Kiswahili. Lilisema: *Xemeje, mama yetu amecufa. Tumempumzixa vizuri.*

"Amechufa" si neno. Nikakisia. Nikasoma kwa sauti kubwa: "Shemeji, mama yetu amechoka. Tumempumzisha vizuri."

Mama akashusha pumzi. Alikuwa anajua bibi ni mzee. Akasema, "Alhamdulillah, wanamtunza." Likafuata fungu la mama, la Kimakonde, lugha ambayo mimi sikuwa naijua. Nililisoma nikibomoa kila neno, mama akikaza sikio. Alipata neno moja moja. Miaka mingi baadaye aliniambia kwamba alisikia maneno ya pole, akadhani anapewa pole ya kuuguliwa.

Akauza nazi, akanunua doti ya kanga kwa ajili ya bibi aliyechoka. Akampa mtu aliyekuwa anavuka Ruvuma. Jibu lilichukua miezi. Lilipofika, fungu la baba lilikuwa fupi sana. *Xemeje, canga imefica. Nimpe nani?*

Nilisoma "changa imeficha", nikasimama. Hata mtoto anaona kwamba hapo hakuna maana. Baba akanichukua ile karatasi, akaitazama kana kwamba angeweza kuisoma, kisha akanirudishia. "Soma tena. Kitu gani tulimpelekea?" Kanga. Canga. Siku hiyo ndipo nilipojua kwamba c ya mjomba ni k.

Mama akaingia ndani, akatoka na ile barua ya kwanza. Hakusema kitu, akanipa tu. Nikasoma upya, c ikiwa k, na x nikaikisia kuwa sh, maana shikamoo inajulikana. Sikuhitaji kufika mwisho wa mstari.

Sikuchapwa. Ningechapwa ningeona nafuu. Mama alilia msiba uliokwisha, watu walipokuja kumpa pole wakauliza ni lini, na yeye akawa anawajibu, "Zamani kidogo."

* * *

Nimekaa na hadithi hii miaka mingi nikiamini ni hadithi ya mtoto mjuaji. Sasa nina umri kuliko aliokuwa nao mama wakati ule, na naiona kwa namna nyingine. Swali langu si tena kwa nini nilikisia. Ni hili: imekuwaje ndugu wawili, waliozaliwa tumbo moja na kulala kibanda kimoja, wasiweze kuandikiana barua?

Mama na mjomba walivuka Ruvuma mwaka 1965 pamoja na bibi, mama akiwa na miaka kumi na mjomba saba. Vita ya FRELIMO na Wareno ilikuwa imeanza Septemba 1964 huko Chai, Cabo Delgado, na watu wa uwanda wa Wamakonde walikuwa wakimiminika kusini mwa Tanzania kwa maelfu. Wakapelekwa Rutamba, bara ya mji wa Lindi, kulikofunguliwa makazi ya wakimbizi. Kulikuwa na makazi mengine ya namna hiyo Lundo na Muhukuru upande wa Ruvuma. Walipewa majembe, mbegu, na shamba la kufyeka. Na mama akapelekwa shule.

Shule ilikuwa ya Kiswahili. Anasema wiki za mwanzo watoto wenyeji walimwita Mmawia, jina ambalo Wamakonde wa Msumbiji hawakulipenda, na yeye hakuwa na Kiswahili cha kuwajibia. Baada ya mwaka mmoja alikuwa nacho, na cha kuwatukania pia. Kiswahili ndicho kilichompa soko, mume, kadi ya chama, na kikundi cha akina mama. Ukimsikia leo huwezi kujua alizaliwa ng'ambo. Sitaki mtu anisome hapa akidhani nakilaumu Kiswahili. Kilimfanya mgeni akawa mtu wa hapa, na si nchi nyingi zinazoweza kusema hivyo kuhusu lugha zao.

Mjomba njia yake ilikuwa nyingine. Mwaka 1970, akiwa na miaka kumi na miwili, alichukuliwa kwenda kusoma katika shule za FRELIMO zilizokuwa hapa Tanzania. Chama kilikuwa na Taasisi ya Msumbiji Dar es Salaam tangu 1963, iliyoongozwa na Janet Mondlane; kilikuwa na shule ya msingi Tunduru, na baadaye sekondari Bagamoyo. Huko lugha ya darasani ilikuwa Kireno. Ndiyo, Kireno, lugha ya yule aliyekuwa akiwarushia mabomu.

Nilipokuwa kijana nililiona jambo hili kuwa kichekesho. Nilipokuwa mtu mzima nikaona hesabu yake. Darasani palikaa Mmakonde, Mmakua, Myao, Mnyanja, na watoto wa kusini kabisa waliotoka karibu na Maputo ya leo. Ukichagua lugha ya mmoja, wengine watasema nchi imekwisha kuwa ya mmoja. Tena viongozi wale waliamini kwamba siku moja watarudi na kuendesha serikali, na makaratasi ya serikali ile yote yalikuwa ya Kireno. Walikuwa sahihi. Mwaka 1975 walirudi. Mjomba na bibi wakarudi nao, na mjomba akawa mwalimu. Mama alikuwa amekwisha kuolewa. Akabaki.

Kwa hiyo shule mbili zilikisia, kama nilivyokisia mimi mkekani. Shule ya mama ilikisia kwamba mtoto huyu atabaki. Shule ya mjomba ilikisia kwamba mtoto huyu atarudi. Zote mbili zilipatia. Na kwa sababu zote zilipatia, ndugu wakatoka kila mmoja na lugha yake ya kuandikia, huku lugha pekee iliyokuwa yao wote wawili haikufundishwa na yeyote.

* * *

Tanzania imewahi kuona jaribio la namna nyingine kabisa. Miaka ishirini na zaidi kabla mama hajavuka Ruvuma, kuanzia mwaka 1942, Tanganyika ilipokea wakimbizi wa Kipolandi. Walikuwa wamehamishwa kwa nguvu kwenda Siberia na Kazakhstan, wakatoka kupitia Uajemi, wakaishia, pamoja na mahali pengine, Tengeru karibu na Arusha. Tengeru peke yake ilikuwa na watu wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, katika nyumba za duara chini ya Mlima Meru. Na katikati ya migomba ile watoto walisoma kwa Kipolandi: msingi, sekondari, ufundi. Serikali yao iliyokuwa uhamishoni London ilihakikisha hivyo.

Nimefika kwenye makaburi yao mara moja. Yametunzwa, yana ukuta na lango. Nilisimama pale nikawaza: hawa walikisia kurudi, na wakakosea. Vita ilipokwisha, nchi yao ilikuwa mikononi mwa utawala walioukimbia, na wengi hawakurudi. Walitawanyika Uingereza, Kanada, Australia. Kwa hesabu ya mipango, shule zile zilikuwa hasara: watoto walifundishwa lugha ya nchi ambayo hawakwenda kuishi. Lakini hebu fikiri. Dada akiwa London na kaka akiwa Australia, waliweza kuandikiana barua. Mama yao akifa, hakuna mtoto aliyesoma "amechoka".

Tofauti yao na watu wa Rutamba haikuwa mapenzi ya lugha. Walikuja na walimu wao, na lugha yao ilikuwa na vitabu karne nyingi. Kimakonde cha 1965 kilikuwa cha ngomani, cha shambani, cha mapiko na misiba, na hakikuwa na kitabu cha darasa la kwanza. Nani angekaa kukitunga, watu wakiwa ndiyo kwanza wanafyeka pori?

Mtanange huu haujaisha. Mwaka 1976 vijana wa Soweto waliingia barabarani wakikataa kufundishwa kwa Kiafrikaans. Wengi wakakimbilia uhamishoni, na Mazimbu, Morogoro, ANC ikawajengea shule iliyokuja kuitwa kwa jina la Solomon Mahlangu. Walikimbia lugha moja ya wageni, wakasomeshwa kwa nyingine, Kiingereza, kwa sababu zilezile za Wamsumbiji. Warundi waliokuja 1972, wakapewa Katumba, Ulyankulu na Mishamo, walisomesha watoto wao kwa Kiswahili. Wengi wakaja kupewa uraia, lakini waliorudi Burundi baada ya 2008 walirudi na watoto waliokuwa wageni madarasani kwao. Warundi waliokuja baadaye, kwenye kambi za Kigoma, wakafundishwa kwa mtaala wa kwao, Kirundi na Kifaransa, ili warudi. Na katika kambi ya Nyarugusu, mtoto wa Kikongo kutoka Fizi au Uvira, anayeongea Kiswahili tangu anapoanza kutamka, anafuata mtaala wa Kifaransa ndani ya nchi ambayo mtoto wa kijiji cha jirani anasoma hesabu kwa Kiswahili hichohicho. Ukimweleza mtu wa Lindi jambo hili anakutazama kama umemtania.

Kila mara watu wazima wanakaa mezani wakiulizana: atabaki au atarudi? Ni swali halali, kwa sababu mtoto atahitaji cheti, na cheti kina nchi. Lakini sijasikia mezani pale mtu akiuliza: huyu mtoto ana ndugu? Wataandikiana kwa nini?

* * *

Sisi tunaopenda vitabu tuna mazoea ya kulijadili jambo la lugha ya mama kama jambo la waandishi. Tunamtaja Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyeanza kuandika riwaya kwa Kigikuyu akiwa gerezani Kamiti, kwenye karatasi za chooni, na tunabishana mpaka usiku wa manane kama alikuwa sahihi au la. Mimi pia nimebishana. Lakini nikitazama lile sanduku la bati la mama, naona kwamba mwandishi wa kwanza wa lugha ya mama niliyemfahamu alikuwa mjomba, na hakuwa na nadharia yoyote. Alitaka kumwambia dada yake maneno ambayo Kireno hakikuwa nayo na Kiswahili hakikuyafikia. Hakuna aliyemfundisha kuandika Kimakonde. Akachukua herufi za Kireno, akazilazimisha. Barua zake zote ziko hivyo: tarehe kwa Kireno, shemeji kwa Kiswahili, dada kwa Kimakonde. Ni karatasi moja yenye milango mitatu, na katika nyumba yetu hapakuwa na mtu hata mmoja mwenye funguo zote.

Baada ya kile kisa cha kanga, mimi na mama tulitengeneza utaratibu. Mimi nilisoma fungu lake kwa sauti bila kuelewa. Yeye alielewa bila kuona. Nikikosea sauti, alinisimamisha: "Rudia hapo, baba. Jaribu kwa namna nyingine." Nikijaribu mara tatu nne, neno lilifunguka, uso wake ukabadilika, na mimi sikujua amesikia nini. Wakati mwingine alinitafsiria. Wakati mwingine alisema tu, "Hayo ni ya mjomba wako na mimi," nikaendelea mstari unaofuata.

Hakunifundisha Kimakonde. Nimemuuliza mara nyingi kwa nini. Anasema, "Nilitaka usije ukaitwa nilivyoitwa."

* * *

Mwezi Oktoba 2017 vita nyingine ilianza Cabo Delgado, pale Mocímboa da Praia. Mwaka 2020 ikapanda mpaka Muidumbe, uwandani, kwenye vijiji vya Wamakonde vilivyozaa vita ya ukombozi. Mjomba, mzee wa miaka sitini na zaidi, aliyekimbia Wareno akiwa mtoto, alikimbia tena akiwa na wajukuu. Waliishia Pemba, kwenye nyumba ya mtu wa ukoo, watu kumi na saba vyumba vitatu. Kufikia mwaka uliofuata watu waliohama makwao katika jimbo lile walipita laki saba.

Siku hizi hakuna wa kubeba barua kwenye mtumbwi. Mjomba alikuwa akituma sauti kwa simu, kwa Kimakonde, na mama akizisikiliza akiwa amebana simu sikioni kama mtu anayesikiliza kisima. Nikadhani simu imemaliza shida yetu: sauti haina c wala x. Kisha mjomba akapata kiharusi, ulimi ukawa mzito, sauti zikakoma.

Wiki mbili baadaye ukaja ujumbe wa maandishi, kutoka namba ya mjukuu wake wa kike. Mstari wa kwanza: *Shikamoo bibi*. Kwa s na h. Uliofuata wote ulikuwa Kimakonde, ukurasa mzima wa simu, umenyooka, bila mkwaruzo. Nilimpigia. Ana Kiswahili cha kubabaisha lakini tulielewana. Nikamuuliza amejifunzia wapi kuandika Kimakonde. Akashangaa swali langu. "Shuleni," akasema.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 Msumbiji imekuwa ikifundisha katika baadhi ya shule kwa lugha mbili: madarasa ya chini kwa lugha ya nyumbani, Kireno kikiingia taratibu. Shimakonde, kama wanavyoiita huko, ni mojawapo ya lugha hizo. Nchi iliyomfundisha mjomba kwa Kireno tu ilimfundisha mjukuu wake kuandika kile ambacho mjomba alihangaika nacho peke yake. Nilipomweleza mama, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama mjomba anajua. Binti akasema ndiyo; yeye ndiye aliyekuwa akimsahihisha madaftari.

Basi nikaketi karibu na mama, umri wangu miaka arobaini na kitu, nikamsomea ujumbe wa Kimakonde bila kuelewa hata neno, kama mwaka 1989. Tofauti ni kwamba safari hii kila herufi ilikuwa na sauti niliyofundishwa shule. Mama hakunisimamisha hata mara moja. Nilipomaliza akasema, "Amesema mjomba wako ameanza kushika kijiko." Kisha akasema, "Mjibu."

"Kwa lugha gani?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga.

Nina daftari sasa. Jioni, jua likishuka, mama anatamka, mimi naandika. Tunabishana. Yeye anasema kuna sauti puani ambayo mimi siisikii. Mimi namwambia siwezi kuandika nisichokisikia. Anarudia, polepole, kama alivyokuwa akiniambia nirudie mimi. Maneno mengine ameyasahau mwenyewe na yanarudi katikati ya usiku. Asubuhi nayakuta yananisubiri kabla ya chai. Sijui kama nitafika mbali. Mama ana miaka sabini, na mwalimu wa lugha hii katika nyumba hii ni yeye tu.

Jibu la kwanza lilikuwa la mistari minne. Kabla sijalituma aliniambia nimsomee. Nikasoma. Akatikisa kichwa: neno moja nimeliandika vibaya, na kwa nilivyoliandika linasema kitu kingine kabisa. Sikukisia. Nikamuuliza, akalitamka tena, nikafuta, nikaandika upya.